Mama Mkwe wa Ukurasa wa Tatu

Mlango ulipofunguliwa, Kucha alisahau salamu.

Si kwamba hakuwa amejiandaa. Tangu asubuhi alikuwa anaifanyia mazoezi mbele ya kioo, na njiani akaendelea mpaka mpenzi wake akamwambia, "Basi jamani, mama yangu si mahakama." Lakini sasa salamu ilimtoka kichwani, kwa sababu alimjua mama aliyesimama pale mlangoni. Aliijua miwani iliyopandishwa juu ya kitambaa cha kichwa. Alikijua kidevu kilichonyanyuliwa kama mtu anayesikia harufu asiyoipenda, na mkono mmoja kiunoni, na rundo la funguo linaloning'inia kwenye kidole kidogo cha mkono wa pili. Hata uzito wa mwili ulivyoegemea mguu wa kushoto, aliujua. Alikuwa amemchora kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa katuni yake ya kwanza kuchapishwa, ukurasa wa tatu, gazeti la Alhamisi, na leo ilikuwa Jumamosi.

Na haki ya Mungu, hakuwahi kumtia machoni kabla ya dakika hiyo.

"Shikamoo mama," alisema mpenzi wake haraka haraka, akimsukuma Kucha kidogo kwa kiwiko. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, maana alifundisha darasa la kwanza na hakuna mtoto aliyekuwa anamjua kwa jina jingine.

"Shikamoo mama," Kucha naye akasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Marahaba. Ingieni."

Mama hakutabasamu. Aliwatangulia sebuleni, funguo zikilia, na Kucha akafuata. Sebule ilikuwa safi ya kung'aa, makochi yamevalishwa vitambaa, picha ya marehemu baba mwenye nyumba ukutani. Juu ya meza ndogo ya katikati hakukuwa na maua wala vikombe. Kulikuwa na gazeti, limekunjwa vizuri, ukurasa wa tatu juu.

Katuni yenyewe ilikuwa hivi. Chumba cha mpangaji, mvua inashuka kutoka darini, ndoo, sufuria na beseni vimetapakaa sakafuni, mpangaji kapanda juu ya kitanda na godoro kichwani. Mlangoni kasimama mama mwenye nyumba na mwavuli wake, funguo kidoleni, anasema: "Si mlisema mnataka maji ndani?" Pembeni chini, kwa herufi ndogo zilizoinama, sahihi: Kucha.

Mhariri ndiye aliyempa jina hilo siku ya kwanza alipoziona kucha zake zilivyojaa wino. Likamganda. Siku hizi hata Mwalimu alimwita hivyo, tena kwa simu, tena kwa sauti ambayo mama yeyote mwenye masikio ataisikia kutoka chumba cha pili.

"Kaa hapo, binti," mama alisema. "Kaa nikuone vizuri. Si ndiyo kazi yako, kuwatazama watu?"

Kucha akakaa. Mwalimu akakaa ukingoni mwa kochi la pili, na dada yake mdogo akaingia na sinia la chai. Wifi huyo mtarajiwa alikuwa amejing'ata mashavu kwa ndani asicheke. Alimtupia Kucha jicho moja la huruma, akaenda kusimama karibu na pazia. Kuondoka hakutaka, ng'o.

"Mwanangu aliniambia una kazi gazetini," mama akaanza. "Nikafurahi. Nikajua unapiga chapa, au uko mapokezi, kazi ya heshima. Kumbe kazi yako ni hii." Akaligonga gazeti kwa ufunguo. "Nina vyumba sita huko uani. Wapangaji wangu wameikata picha hii, wameibandika pale bombani. Kila anayekuja kuteka maji anainama, anacheka, anaondoka. Jana nimepita, fundi cherehani wa chumba cha nne akaniuliza mwavuli wangu uko wapi. Mimi. Mtu ambaye tangu nifiwe sijawahi kuchekwa na mpangaji."

"Mama, naomba nieleze," Kucha alisema.

"Eleza. Nani alikutuma uje kunichunguza?"

"Hakuna aliyenituma. Sijawahi kufika hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona, mama."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hii miwani umeiota? Hizi funguo, kidole hikihiki, umeziota?"

Hapo ndipo Kucha alipogeuka kumtazama Mwalimu, na Mwalimu alikuwa anatazama zulia. Masikio yake yalikuwa yameiva. Na kwa namna alivyokuwa akilitazama lile zulia, kila kitu kikaja wazi.

Jumanne jioni. Chumbani kwa Kucha, karatasi zimejaa kitandani, naye kakaribia kulia. Alikuwa amemchora mwenye nyumba mwanamume, tumbo kubwa, tai ndefu, sigara mdomoni. Mhariri kaitazama, kairudisha. "Huyu nimeshamwona katika kila gazeti tangu nizaliwe," kamwambia. "Niletee mtu." Basi akawa anamtafuta huyo mtu na hampati. Mwalimu akaingia na mkate, akamwona alivyojiinamia, akasema, "Subiri." Akachukua mwavuli nyuma ya mlango. Akazitundika funguo za chumba kwenye kidole kidogo. Akajifanya anapandisha miwani kichwani, akashika kiuno, akanyanyua kidevu, akasema yale maneno ya maji ndani kwa sauti ya mama fulani ambayo Kucha hakuwahi kuisikia. Kucha alicheka mpaka penseli ikamwanguka. Kisha akaiokota, akachora.

Hakumuuliza ameitoa wapi sura hiyo. Mwalimu alikuwa hodari wa kuigiza kila mtu: mkuu wa shule, kondakta, mbuzi. Watoto wa darasa la kwanza walijifunza kusoma kwa sababu ya vituko vyake. Wala yeye mwenyewe, maskini, hakujua kwamba akiambiwa mwenye nyumba, mwili wake unamjua mwenye nyumba mmoja tu duniani.

Kucha angeweza kusema. Neno moja tu, "Muulize mwanao," na mzigo ungehama kochi. Lilimfika ncha ya ulimi. Lakini alikumbuka alichoambiwa na mhariri siku aliporuhusiwa kutia sahihi: ukishaandika jina lako pale chini, hakuna tena wa kumsukumia. Akalimeza.

"Mama," alisema, "mkono uliochora ni wangu, na jina ni langu. Kama picha imefanana na wewe hivyo bila idhini yako, naomba radhi. Kwa hilo naomba radhi kwa moyo wote."

"Radhi si ya sebuleni," mama alisema. "Umenichora mbele ya watu, utaniomba mbele ya watu. Na baada ya hapo utaachana na hii kazi. Mwanangu hataoa mtu anayekula kwa kuwacheka wenzake. Mimi si mtu wa kuzunguka. Hiyo kazi au huyu kijana."

Pazia likatikisika kidogo. Wifi alikuwa hacheki tena.

Kucha aliiweka chini chai ambayo hata hakuionja. Akamtazama Mwalimu, yule kijana mrefu aliyezoea kujikunja kwenye viti vidogo vya watoto, na macho yao yakakutana, na Mungu ndiye shahidi kwamba alimpenda dakika ile kuliko siku zote. Alimpenda mpaka kifua kikamuuma. Ndiyo maana alijua lazima aseme ukweli sasa, kabla hajaingia nyumba hii kwa mlango wa uongo.

"Mama, kuomba radhi kwa sura yako, nitaomba popote utakapo. Kuacha kazi sitaacha."

"Unanijibu hivyo nyumbani kwangu?"

"Nakujibu kwa heshima, mama. Nisikilize tu, halafu ukinifukuza nitaondoka." Alivuta pumzi. "Unadhani tunakaa tu tunacheka. Kabla ya hiyo moja hapo mezani, nimechora na kutupiwa mpaka mfagiaji wa ofisi akanijua kwa takataka zangu. Kila asubuhi nasoma gazeti zima, hata bei za mahindi, hata vifo. Nakwenda kukaa kwenye benchi la hospitali, nachora mikono ya watu wanaosubiri. Mikono tu. Mkono wa mtu anayesubiri majibu haufanani na wa mtu aliyekuja kusindikiza. Halafu napeleka mawazo matano kwa mhariri. Anaweka dole gumba juu ya maneno, anayaficha, ananiuliza, 'Sasa picha inasema nini?' Ikinyamaza, anaitupa. Zimenyamaza nyingi, mama. Baba yangu alistaafu uhasibu, alitaka niwe kama yeye, na karibu mwaka mzima tumekula meza moja hanisemeshi. Alhamisi alinunua nakala tatu. Hakusema kitu, aliziweka tu kabatini na hati za kiwanja. Siwezi kuiacha. Nikiiacha, atakayekuja kuishi na mwanao hatakuwa mimi, na utakuwa umempa mke asiyemjua."

Kichwa hakukiinamisha. Hakuwahi kujisikia mtu mzima kama alivyojisikia pale, kwenye kochi la watu, na huenda ndipo alipokuwa anampoteza mwanamume anayempenda.

"Mama," Mwalimu akasema. Alisimama. "Mwache. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyesimama akanichora. Hakujua. Nilikuwa namwigiza mwenye nyumba, na... nilikuigiza wewe. Nami sikujua mpaka nilipoliona gazeti. Tangu Alhamisi nimekosa ujasiri wa kukwambia, na yeye amekaa hapo anabeba lawama zangu nami nimenyamaza kama jiwe. Nisamehe mama. Na wewe nisamehe," akamgeukia Kucha.

Mama alimtazama mwanawe kuanzia juu hadi chini.

"Nionyeshe," alisema.

"Mama..."

"Nimesema nionyeshe."

Kijana wa watu akavuta pumzi, akainyoosha mikono yake mirefu, akashika kiuno. Mama akamtupia rundo la funguo. Akalidaka, akalitundika kwenye kidole kidogo, akanyanyua kidevu. Alisimama hivyo mbele ya mama yake mzazi, na walikuwa kama mtu na kioo chake. Nyuma ya pazia kicheko kilimponyoka dada mtu, kikakatika ghafla.

Mama hakucheka. Alilichukua gazeti, akashusha miwani, akatazama picha, akamtazama mwanawe, akarudi kwenye picha. Halafu akaweka kidole mahali fulani chini kabisa.

"Huu mguu," alimwambia Kucha, na sauti ilikuwa imebadilika. "Mwanangu anasimama kwa miguu yote miwili. Huyu wa gazetini ameegemea kushoto. Umeutoa wapi?"

Kucha alifikiri kabla ya kujibu. Aliona kwamba swali hili halikuwa kama yale mengine.

"Nilimwongezea mimi," alisema. "Mwanzoni nilimsimamisha wima kama Mwalimu alivyosimama. Akawa mtu mbaya tu, askari wa jela. Mhariri wangu husema ukimchora mtu nawe humpendi hata kidogo, hiyo si katuni, ni matusi. Basi nikamtazama tena. Nikaona hicho kidevu kimenyanyuliwa mno. Mtu hanyanyui kidevu hivyo kama hana anachoficha. Nikajiuliza anaficha nini. Nikampa goti linalouma. Akizunguka na funguo siku nzima, mlango hadi mlango, lazima kuna mahali panauma, na hataki wapangaji wajue. Hapo nikampenda. Hapo picha ikakubali."

Nje, mtu alifungua bomba, maji yakasikika yakigonga ndoo.

Mama aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, ingawa haikuwa na vumbi.

"Wewe ulijua?" alimuuliza mwanawe.

"Kujua nini, mama?"

"Goti langu."

Mwalimu aliduwaa. Bado alikuwa na mkono kiunoni, akaushusha polepole. "Goti lina nini?"

"Hajui," mama alimwambia Kucha, kama wako wawili tu. "Na huyu wa kwenye pazia hajui. Nililiumiza mwaka ule wa msiba, napanda ngazi kuziba bati mwenyewe, maana fundi alidhani mjane ni wa kudanganya. Likanitoka mahali pake. Nikajikaza. Nikasema nikichechemea mbele ya wapangaji nimekwisha. Watoto wangu ninaokula nao kila siku hawajaona." Akaligusa gazeti kwa kiganja, taratibu. "Halafu mtu asiyenijua, hajawahi kuniona, anakuja kuniona."

"Mama, kwa nini hukuniambia?" Mwalimu alisema, na alikuwa ameshapiga magoti kwenye zulia, anaushika mguu wenyewe, kama vile ataliponya goti hapo hapo.

"Ondoka hapo, unanifanya mgonjwa." Lakini mkono wake ulitulia kichwani mwa mwanawe. Kisha akamtazama Kucha tena, na macho yale makali yalikuwa na maji. "Lile bati ndilo linalovuja. Chumba cha nne. Tangu siku ile sikuweza kupanda tena, na kumwita fundi roho ilikataa. Picha yako haijasema uongo. Ndicho kilichoniuma zaidi."

"Nami sikujua, mama," Kucha alisema, na machozi yakamwanguka bila yeye kuyaita. Mwalimu alinyoosha mkono kutoka pale chini alipokuwa, akaushika wake, ule wenye wino usiotoka. Aliubana sana. Alimtazama kama mtu aliyepewa kitu asichokitegemea na anaogopa kukiangusha.

Mama akasimama. Alichukua muda kusimama, na kwa mara ya kwanza hakuficha kwamba anachukua muda.

"Binti, njoo," alisema.

"Wapi, mama?"

"Si ulisema utaniomba radhi popote nitakapo? Njoo."

Akamshika mkono, akamtoa kwa mlango wa nyuma. Ua ulikuwa na watu, maana Jumamosi kila mtu yuko nyumbani. Fundi cherehani alikuwa barazani na mashine yake, kinamama wawili walikuwa wanafua, mwingine kashika ndoo bombani, na juu ya bomba, ukutani, katuni imebandikwa kwa gundi pembe zote nne. Waliposikia funguo, kicheko kilikufa. Fundi akakanyaga pedali ya cherehani bila kitambaa ndani.

Kucha alijiandaa. Alishayapanga maneno, naomba radhi kwa mama huyu, angeyasema kwa sauti na asingeona haya. Lakini mama hakumwachia nafasi.

"Mnanisikia," alisema, na kidevu kilipanda mahali pake pa kawaida. "Huyo mliyembandika hapo bombani ni mimi. Msinong'one, ni mimi mwenyewe, na nimetolewa vizuri. Kwenye gazeti, nchi nzima. Kuna mwenye nyumba mwingine mtaa huu aliyewahi kutoka gazetini?"

Yule mwenye ndoo akatikisa kichwa.

"Na aliyenichora ni huyu hapa. Mtazameni mumjue. Ni mkamwana wangu."

Kucha alisikia pumzi ikimwishia. Nyuma yake, mlangoni, Mwalimu alisema kitu ambacho hakikueleweka, halafu dada yake akapiga kigelegele kirefu ambacho hakikuwa na haja ya kueleweka. Wale kinamama wa kufua wakakidaka. Kucha alisimama katikati ya ua wa watu, macho yote kwake. Alinyanyua uso wake uonekane.

Vigelegele vilipotulia, fundi cherehani akakohoa.

"Hongera sana mama. Na bati je?"

Mama alimkata jicho ambalo lingemfunga mdomo mtu yeyote siku nyingine. Kisha akaliangalia paa la chumba cha nne, akamwangalia yule binti aliyesimama kando yake.

"Fundi atakuja Jumatatu," alisema. "Sasa mnisogezee kiti. Goti linaniuma."

Viti vitatu vikaletwa kwa mpigo. Mama akakaa kwenye kimojawapo, mbele ya wapangaji wake wote, akanyoosha mguu, na mkono wa Kucha hakuuachia.